Uyoga wa Mwituni: Usome Mzima, au Uuache Ulipo



Wasomaji wetu watukufu, akina mama na walezi wa nyumba. Baada ya kumshukuru Mola na kumswalia Mtume wake, juma hili twajibu barua iliyotujia kutoka mbali na bahari. Aliyetuandikia ni mama mwenye asili ya Lamu, ambaye mume wake ana duka Othaya, katika Kaunti ya Nyeri. Asema kwamba mvua za masika zilipoanza, wanawe walitoka kucheza na wenzao wa jirani, wakarudi na mfuko uliojaa uyoga. Waliuchuma mpakani mwa mashamba ya majani chai na msitu. Jirani yake, bibi mzee ambaye watoto wote wa mtaa humwita Cucu, huwa kila mwaka anapika uyoga na kuwagawia. Siku hiyo Cucu hakuwapo. Baba wa nyumba akasema uyoga ni halali, nao upikwe. Mama akasita, akaufunika, na mwisho akaumwaga. Sasa atuuliza mambo mawili. Je, alikosea kutupa chakula cha halali? Na je, mtu aujuaje uyoga mwema na uyoga wa sumu kwa kuutazama?

Twamwambia tangu mwanzo: mama, hukukosea. Na sababu zake ndizo tutakazozieleza, kwa kuwa familia zetu nyingi za Pwani leo ziko bara kwa biashara, kwa kazi za serikali, kwa masomo na kwa ndoa. Swali hili litawafikia wengi mvua zinaponyesha.

Uhalali na usalama

Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa kwamba asili ya kila kitokacho ardhini ni uhalali. Lakini tulifunzwa pia kwamba mafakihi wameyatoa katika asili hiyo mambo mawili, nayo ni kila chenye kudhuru mwili na kila chenye kulevya akili. Uyoga una aina zilizo chakula kizuri, una aina zenye kuua, na una aina zenye kulevya. Basi mtu hawezi kusema "uyoga ni halali" kabla hajajua ni uyoga gani ulio mbele yake. Ujuzi wa kitu hutangulia hukumu yake.

Wapo wanaoleta hoja ya hadithi mashuhuri ambamo Mtume, rehema na amani zimshukie, aliitaja kam'a kwa kheri. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, nasi twaiheshimu. Ila kam'a ni kitu mahususi. Huota chini ya mchanga wa jangwa baada ya mvua, kando ya mizizi ya vichaka vidogo, na ina umbo la kiazi. Haina kofia wala shina. Ndugu zetu walioko Oman na Ghuba huijua sokoni kwa jina la faga. Mwenye kuchuma uyoga wenye kofia katika vilima vya Nyeri, kisha akajitetea kwa hadithi ya kam'a, ameshika dalili ya kitu kingine.

Uyoga ni tunda tu

Kile tunachokiona na kukiita uyoga ni tunda. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba mno zilizotandaa ndani ya udongo, ndani ya gogo lililooza, au kuzunguka mizizi ya mti ulio hai. Nyuzi hizo huishi miaka mingi pasi na kuonekana. Mvua ikinyesha na joto likiwa la kadiri, tunda huchomoza kwa siku chache, humwaga mbegu zake, kisha huoza.

Kutokana na hayo twajifunza mambo mawili. La kwanza, uyoga wa aina moja huweza kurudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana wazee wana sehemu zao wanazozijua. La pili, nyuzi za aina mbili zaweza kukaa katika kipande kimoja cha ardhi. Kwa hiyo mahali palipotoa uyoga mwema mwaka jana paweza kutoa mwema na mbaya mwaka huu, vikisimama bega kwa bega. Mfuko wa watoto waliochuma kila walichokiona huwa umechanganya, na kipande kimoja chatosha kuiharibu sufuria nzima.

Alama za umbo

Haya tunayoyaandika tumeyachukua kwa wajuzi wa elimu hii. Wao husema kwamba uyoga husomwa kama shahidi anavyohojiwa. Hutoshi kumwuliza jambo moja ukamwacha. Alama ni saba, na zote huangaliwa kwa pamoja.

Ya kwanza ni kofia. Tazama rangi yake, upana wake, na kama ni kavu au ina utelezi. Tazama kama ina nundu katikati. Kisha tazama madoa au magamba yaliyo juu yake. Yako magamba ambayo ni sehemu ya ngozi, nayo hayabanduki ila kwa kuichana ngozi yenyewe. Na yako mabaka yaliyokaa juu tu, yakibanduka kwa ukucha. Mabaka haya ni mabaki ya utando uliokuwa umeufunika uyoga wote ulipokuwa mchanga, na ni ishara ya hatari. Kwa bahati mbaya mvua kubwa huweza kuyaosha yote, ukabaki na kofia safi isiyo na ushahidi. Rangi nayo hubadilika kwa jua na umri. Kwa hiyo kofia peke yake haitoshi.

Ya pili ni upande wa chini wa kofia. Pindua uyoga. Aina nyingi zina vibamba vyembamba vilivyopangika kama matamvua ya samaki, jambo ambalo mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa. Aina nyingine zina vitundu vidogo kama vya sifongo. Ikiwa ni matamvua, tazama rangi yake: meupe, ya waridi, ya kahawia, au yenye kugeuka kijani? Tazama pia kama yameshikana na shina au yameishia kabla ya kulifikia, yakaacha mfereji mdogo. Tazama rangi hiyo katika uyoga mchanga na katika ule uliokomaa, kwa kuwa hubadilika.

Ya tatu ni shina. Je, ni jembamba au nene, tupu ndani au limejaa? Je, lina pete? Pete ni utando mwembamba uliozunguka shina kama sketi au kama ukosi. Wakati mwingine hushuka na juu kwa kidole, na wakati mwingine imeganda. Pete ipo katika uyoga mwema na katika uyoga mbaya, basi usiifanye hakimu. Iandike tu pamoja na alama nyingine.

Ya nne ni kitako, yaani mwisho wa shina ulio ndani ya udongo. Hii ndiyo alama inayopotezwa na wengi, hasa watoto. Mtoto huushika uyoga kwa kofia akaukwanyua, na kile kilichokuwa kimuokoe kikabaki ardhini. Jamaa ya uyoga iitwayo Amanita, ambayo baadhi yake ndiyo yenye kuua zaidi duniani, mara nyingi huwa na kifuko kilichozunguka kitako kama ganda la yai lililopasuka, au huwa na uvimbe wenye miduara ya magamba. Kifuko hicho huzama udongoni. Hakionekani ila kwa kuchimba kwa kijiti au kisu na kuutoa uyoga mzima. Uyoga usio na kitako ni ushahidi uliokatwa ulimi. Tusiupike.

Katika mlango huo kuna jambo jingine. Uyoga wa jamaa hiyo ukiwa mchanga huwa mviringo kama yai jeupe, na mtu hudhani ni aina ya uyoga wa duara ulio chakula. Njia ya kuujua ni kuupasua katikati kutoka juu hadi chini. Ukiona ndani yake mchoro wa kofia na shina vilivyojikunyata, huo ni Amanita au wa mfano wake, nao hutupwa.

Ya tano ni unga wa mbegu. Mbegu moja ya uyoga haionekani kwa macho, lakini zikiwa nyingi huwa unga wenye rangi, na rangi hiyo haidanganyi kama ya kofia. Kata kofia iliyokomaa, ilaze juu ya karatasi, matamvua yakitazama chini. Nusu ya karatasi iwe nyeupe na nusu nyeusi, ili unga mweupe nao uonekane. Ifunike kwa bakuli na uiache usiku kucha. Asubuhi utakuta chapa. Amanita hutoa unga mweupe. Uyoga wa mchwa hutoa unga wenye wekundu hafifu wa waridi. Jamaa ya uyoga mweupe tunaouona madukani hutoa unga wa kahawia iliyokoza kama kakao. Kazi hii yafaa kufanywa na watoto wakubwa wa shule, wakinawa mikono baadaye, kwa kuwa hufunza subira na uangalifu.

Ya sita ni nyama na harufu. Pasua uyoga uone kama nyama yake hugeuka rangi ikipatwa na hewa, na ni rangi gani. Ipo aina inayofanana na uyoga mweupe wa dukani, ila kitako chake hugeuka manjano kali kikikatwa, na hutoa harufu ya dawa ya kusafishia hospitali. Hiyo huumiza tumbo. Lakini jueni kwamba harufu nzuri si dalili ya usalama, na kuonja kwa ulimi ili kujaribu ni jambo tusilolipendekeza kwa yeyote.

Ya saba ni mahali. Je, umeota juu ya kichuguu, juu ya samadi, juu ya gogo, katika nyasi, au chini ya mti fulani? Andika jina la mti. Wachumaji wasiojua huona alama hii ni ndogo, kumbe ndiyo huamua mara nyingi.

Mifano mitatu

Uyoga wa mchwa ndio unaopendwa kuliko wote katika Afrika ya Mashariki, kuanzia Pwani hadi Uganda na Kongo. Mchwa hulima kuvu yake ndani ya kichuguu, wakiilisha mimea waliyoitafuna, na mvua ikija kuvu hiyo hutoa tunda juu ya ardhi. Alama zake ni nundu ngumu iliyochongoka katikati ya kofia, unga wenye rangi ya waridi, na shina linaloendelea chini kama mzizi mrefu mpaka kwenye bustani ya mchwa. Hauna kifuko. Aina zake ni nyingi. Ipo ndogo inayoota kwa mamia, na ipo ile ya Zambia, Kongo na Tanzania ambayo kofia yake hufikia upana wa mita 1.

Wa pili ni uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu, unaoota katika nyasi baada ya mvua. Wajuzi huuita Chlorophyllum molybdites. Una pete nzuri, una nyama nyeupe, na huvutia macho. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe, lakini ukikomaa hugeuka kijani kibichi hafifu, na unga wake ni wa kijani. Huo humpiga mlaji kwa kutapika na kuhara vikali ndani ya saa chache, na mtoto mdogo huweza kuishiwa maji mwilini. Tazameni: kofia, pete na shina zote zaweza kumpotosha mtu, na unga pekee ukamsemea ukweli.

Wa tatu ni Amanita phalloides. Kofia yake ni ya kijani cha zeituni, au manjano hafifu, au karibu na nyeupe. Matamvua ni meupe, pete ni kama sketi, kitako kimo ndani ya kifuko, unga ni mweupe. Harufu yake si mbaya, na waliopona husema ladha yake ilikuwa nzuri. Nusu ya kofia yaweza kumuua mtu mzima. Asili yake ni Ulaya, na umesafiri pamoja na miche ya miti hadi Marekani, Australia na Afrika Kusini. Ndugu yake mwenye kofia nyekundu na mabaka meupe, ambao watoto huuona katika vitabu vya picha, umefika Afrika ya Mashariki pamoja na misonobari. Huo hulevya na kuvuruga akili, basi una makatazo mawili kwa pamoja.

Majaribio yasiyo na msingi

Katika majiko yetu yamezagaa majaribio ambayo wajuzi wameyakataa yote. Wako wanaotia kijiko cha fedha ndani ya sufuria, wakisema kikiwa cheusi kuna sumu. Wako wanaotia kitunguu, thomu au punje za mchele wakitazama rangi. Wako wanaosema uyoga ulioliwa na konokono au wadudu ni salama. Konokono hula uyoga wenye kuua na wasidhurike, kwani mwili wao si kama wetu. Wako wanaosema ule wenye ngozi ya kubanduka ni mwema, au kwamba wenye rangi kali tu ndio mbaya, hali Amanita phalloides una rangi ya upole kabisa.

Na kubwa kuliko hayo ni dhana kwamba moto huondoa kila kitu. Sumu ya uyoga huo haiondoki kwa kuchemsha, kwa kukaanga, kwa kukausha juani, wala kwa kugandisha. Chumvi na siki haziifikii. Mama anayechemsha mara tatu na kumwaga maji amejichosha bure.

Elimu ya mahali na mwenyeji wake

Sasa turudi Othaya. Mji huo uko upande wa mashariki wa safu ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Juu kuna msitu wa asili na mianzi, chini yake kuna ukanda wa chai, kisha migunda ya kahawa, mahindi na maharagwe. Wenyeji Wakikuyu huuita uyoga makunu, nao wana elimu yao ya tangu zamani. Penye wazee haliharibiki jambo, na bibi kama Cucu ni hazina. Yeye hajui majina ya vitabuni, lakini anajua kichuguu gani, mwezi gani, na mkono wake umeshika uyoga ule ule tangu utoto.

Lakini ardhi yenyewe imebadilika. Kilima cha Karima kilicho hapo Othaya, ambacho Wakikuyu wamekiheshimu tangu zamani, kina vichaka vya miti ya asili, na pia kina mikaratusi iliyopandwa. Vivyo hivyo misonobari imepandwa sehemu nyingi za nyanda za juu. Miti hii ya kigeni ilikuja na kuvu zake mizizini, kwani msonobari haustawi pasi na kuvu yake. Kwa hiyo chini ya miti hiyo huota uyoga ambao mabibi wa mabibi hawakuuona. Elimu ya Cucu ni sahihi kwa kichuguu chake. Haifiki chini ya msonobari, na wenye busara kama yeye hawadai kwamba inafika. Ukimletea usioujua, atakwambia uutupe.

Na ikiwa mwenyeji ana mpaka, mgeni ana zaidi. Mwaka 2015 ndugu zetu kutoka Syria waliokimbilia Ujerumani walichuma uyoga misituni wakidhani ni ule walioula kwao, kumbe ni Amanita phalloides. Hospitali ya Hannover iliwapokea wengi waliodhurika, na matangazo ya onyo yakatolewa kwa lugha kadhaa, Kiarabu na Kikurdi zikiwemo. Jambo la namna hiyo limewapata pia wahamiaji wa Asia ya Kusini Mashariki huko California, waliodhani wameuona uyoga wa mabua ya mpunga wa kwao. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa na elimu sahihi ya nchi yao, wakaitumia katika nchi isiyokuwa yake. Mtu wa Lamu, Mombasa au Kwale aliyezoea uyoga wa kichuguu cha Pwani, akiupanda mlima hadi Othaya, yuko katika hali hiyo hiyo.

Basi kanuni yetu ni hii. Alama saba tulizozitaja, kwa sisi tusio wajuzi, ni za kukataa. Mtu aliyezisoma kwenye makala anaweza kusema "huu una kifuko, sitaula". Hawezi kusema "huu hauna kifuko, basi nitaula". Ruhusa ya kula huchukuliwa kwa mtu aliyeujua uyoga huo wa mahali hapo kwa miaka, akaushika mzima mkononi mwake, akasema bila kusita. Elimu hii ni kama usomaji wa Kurani: husomwa mbele ya mwalimu, na kitabu humsaidia aliyekwisha kufunzwa. Picha ya simu iliyotumwa kwa jamaa Mombasa si mwalimu, maana haionyeshi kitako, haina harufu, na haitoi unga. Asipopatikana mwenye kujua, uyoga huachwa. Hivyo ndivyo alivyofanya mama wa barua yetu, na katika jambo lenye shaka kuacha ndiko kwenye salama ya dini na ya mwili.

Ukiwa umekwisha kuliwa

Twaomba maneno haya yakatwe na kubandikwa jikoni.

Mtu akiumwa na tumbo, kutapika, kuhara, kuona kizunguzungu au kuchanganyikiwa baada ya kula uyoga wa mwituni, apelekwe hospitali mara moja. Kwa walioko Othaya, ipo hospitali kubwa yenye jina la marehemu Rais Mwai Kibaki. Walioshiriki sinia moja waende wote, hata wasiohisi chochote.

Tieni maanani saa. Maumivu yanayoanza ndani ya saa 1 au 2 hutisha, lakini mara nyingi ni ya aina isiyoua. Maumivu yanayoanza baada ya saa 6 hadi 24 ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa ndiyo tabia ya sumu inayokula ini. Mgonjwa wa sumu hiyo hutapika na kuhara kwa siku nzima, kisha hupata nafuu. Watu wa nyumbani hushukuru wakadhani yamepita. Wakati huo ini linaendelea kuharibika, na siku ya tatu au ya nne macho huwa manjano na hali ikawa mbaya ghafla. Nafuu hiyo isiwahadae.

Chukueni mabaki ya uyoga, mabichi na yaliyopikwa, hata maganda yaliyotupwa jaani, mtie katika karatasi na kumpelekea daktari. Mwambieni saa uliyoliwa na saa maumivu yalipoanza. Msimnyweshe mgonjwa mafuta, wala msimlazimishe kutapika kwa vidole, wala msingoje dawa ya mitishamba ifanye kazi kwanza. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasicheleweshwe hata kwa dakika.

Kwa wenye hamu ya uyoga

Hatukusudii kumnyima mtu riziki nzuri. Uyoga ni kitoweo chenye ladha, na kwa nyumba ambayo nyama ni ya siku ya Ijumaa tu, ni neema. Masoko ya Nyeri na Nairobi yana uyoga mweupe uliolimwa. Na uko uyoga wenye umbo la kombe la baharini, ambao wenzetu wa Tanzania huuita mamama, unaoweza kulimwa hata katika chumba kidogo cha uani.

Mbegu zake hununuliwa kwa wataalamu, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilichoko Juja kimekuwa kikifunza kilimo hiki. Majani makavu ya ngano au mabua ya mahindi hukatwakatwa, huloweshwa, hupikwa kwa maji ya moto ili kuua vimelea, hupozwa, kisha huchanganywa na mbegu ndani ya mifuko yenye matundu. Mifuko hukaa gizani kwa majuma kama matatu mpaka iwe myeupe kwa nyuzi. Baada ya hapo hupewa mwanga kidogo na kunyunyiziwa maji kila siku, na uyoga huchomoza kupitia matundu. Baridi na unyevu wa Othaya huifaa kazi hii kuliko joto letu la Pwani. Akina mama watatu au wanne wakishirikiana, watakula na watauza, na kila mmoja atajua kilichomo ndani ya sufuria yake.

Watoto nao wasikatazwe kuutazama uyoga wa mwituni, kwani kutafakari viumbe ni ibada. Wafunzwe sheria tatu: kutazama bila kuchuma, kutotia mkono mdomoni, na kumwita mtu mzima. Na ikiwa watamfuata Cucu kichuguuni mwake, wamchukulie kikapu, wachimbe kwa adabu kama anavyochimba, wamwulize kila alama sababu yake. Wakifanya hivyo kwa misimu kadhaa, huenda mmoja wao akawa ndiye atakayeulizwa na wengine.

Mola azilinde nyumba zetu na watoto wetu, awape shifaa wagonjwa, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Juma lijalo, inshallah, tutajibu swali la mfanyabiashara wa Malindi kuhusu kugawana faida baina ya ndugu.

Wabillahi tawfiq.